Sura ya Sita: Nafasi Iliyoachwa Wazi: Mafundi wa Ridhaa na Kadi za Sauti za MSX

Kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980 zilitoka viwandani zikiwa na sauti finyu, na ni familia chache za mashine hizo zilizopewa na waundaji wake mlango wa kuiondoa kasoro hiyo kama ilivyopewa familia ya MSX. Kiwango hicho, kilichotangazwa nchini Japani mwezi Juni 1983 na Kazuhiko Nishi wa kampuni ya ASCII kwa ushirikiano na Microsoft, hakikuwa kompyuta moja bali kilikuwa mkataba wa kiufundi ambao kila mtengenezaji aliyetaka kutumia jina la MSX alilazimika kuufuata: kichakata cha aina ya Z80 kinachokwenda kwa kasi ya megahezi 3.58, lugha ya BASIC iliyoandikwa na Microsoft, na chipu ya sauti ya AY-3-8910 kutoka General Instrument au ndugu yake wa karibu. Chipu hiyo ilitoa sauti tatu kwa wakati mmoja, zote za wimbi la mraba, yaani wimbi linaloruka kutoka juu hadi chini bila mteremko wowote, pamoja na mvumo wa kelele uliotumika kuigiza ngoma na milipuko; nguvu ya kila sauti ilikuwa na ngazi 16 tu. Muziki ulioandikwa kwa chipu hiyo unaweza kuwa mzuri, na mwingi ni mzuri kweli, lakini hakuna sikio linaloweza kuudhania kuwa ni filimbi, zeze au sauti ya mwanadamu.

Mlango uliotajwa hapo juu ni tundu la katriji. Mkataba wa MSX uliagiza kila kompyuta iwe na angalau tundu moja la aina hiyo, na tundu lenyewe halikuwa la kuchomeka michezo peke yake, kwani miguso yake 50 ilibeba njia zote za anwani na za data za kichakata, umeme wa volti 5 na volti 12, na mguso mmoja uliotengwa mahsusi kwa ajili ya kuingiza sauti kutoka nje na kuichanganya na sauti ya kompyuta yenyewe. Waliouandika mkataba huo walijua kwamba sauti tatu hazitatosha daima, wakaacha njia. Kutokana na uamuzi huo mmoja ilizaliwa jamii nzima ya vipanuzi vya sauti, yaani katriji zinazobeba chipu ya muziki, na miaka michache baadaye ikazaliwa jamii ya pili, ambayo ndiyo shabaha ya sura hii: watu waliovifungua vipanuzi hivyo kwa mikono yao na kuvikamilisha. Watu hao wanaitwa humu mafundi wa ridhaa, kwa sababu wengi wao hawakulipwa kwa kazi hiyo na hawakuitafuta kama riziki, ingawa kiwango cha ufundi wao mara nyingi hakikupungua kile cha kiwandani.

MSX haikuenea kila mahali. Ilishika mizizi Japani, Korea Kusini, Brazil, Hispania na Uholanzi. Umoja wa Kisovieti ulinunua mashine za Yamaha za aina hiyo kwa ajili ya shule zake. Na katika nchi za Kiarabu ilijulikana zaidi kwa jina la Sakhr, kompyuta zilizoletwa na kampuni ya Al-Alamiah ya Kuwait zikiwa na herufi za Kiarabu ndani yake, hivyo kwamba baadhi ya wasomaji wa Kiswahili waliokulia katika Ghuba huenda waliwahi kuigusa MSX bila kulijua jina lake la asili. Uholanzi, hata hivyo, ndiko ambako ufundi wa ridhaa ulistawi kuliko mahali pengine Ulaya, na sababu haifichiki: kampuni ya Philips, yenye asili yake katika mji wa Eindhoven, ilikuwa mtengenezaji mkubwa wa MSX barani humo, ikazijaza nyumba za Waholanzi kwa mashine hizo, na ilipoacha kuzitengeneza iliwaachia watumiaji wengi vifaa vizima visivyo na mwenyewe.

Kabla ya kuingia ndani ya katriji zenyewe ni lazima kueleza njia mbili za kuunda sauti ambazo zitatajwa mara kwa mara. Njia ya kwanza inafahamika kwa kifupisho cha FM, na msingi wake ni wimbi moja kuyatikisa masafa ya wimbi lingine kwa kasi kubwa kiasi kwamba sikio halisikii tena mtikisiko bali linasikia rangi mpya ya sauti, iliyo karibu na kengele, shaba au kinanda kulingana na hesabu iliyotumika. Mbinu hiyo iligunduliwa na John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967, Yamaha ikapata leseni yake, na kinanda cha DX7 cha mwaka 1983 kikaifanya isikike duniani kote. Njia ya pili ni ya sampuli: sauti halisi hurekodiwa, hukatwa vipande vidogo vya namba, huwekwa katika kumbukumbu ya kompyuta, kisha husomwa tena kwa kasi inayotakiwa ili noti ipande au ishuke. FM haihitaji kumbukumbu kubwa kwa sababu sauti yake huzaliwa kutokana na hesabu. Sampuli hula kumbukumbu bila huruma, kwa kuwa kila sehemu ya sekunde iliyorekodiwa inadai mahali pake pa kukaa. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha karibu kazi zote za mafundi wanaozungumziwa hapa.

Philips ilitoa katriji yake ya NMS 1205, iliyoitwa Music Module, katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, na ndani yake iliweka chipu ya Yamaha iitwayo Y8950. Chipu hiyo ilikuwa na njia 9 za FM, na pia ilikuwa na njia moja ya sampuli iliyotumia mbinu ya kubana sauti ambayo huandika tofauti kati ya kipande kimoja cha sauti na kinachofuata badala ya kuandika thamani nzima ya kila kipande, hivyo kila kipande kikatosha katika biti 4, nusu ya baiti moja. Katriji hiyo ilikuwa pia na kiunganishi cha MIDI, ambao ni mfumo wa vyombo vya muziki vya umeme kupeana amri, na tundu la maikrofoni la kurekodia. Kwa bei ya wakati wake, na kwa kompyuta iliyokusudiwa sebuleni, kilikuwa kifaa cha ukarimu sana.

Ukarimu huo ulikoma kwenye kumbukumbu. Yamaha iliiunda Y8950 iweze kufikia kilobaiti 256 za kumbukumbu ya sampuli, lakini Philips iliweka kilobaiti 32, sehemu moja ya nane ya kile ambacho chipu iliweza kukihudumia. Hesabu yake ni rahisi: kilobaiti 32 hubeba vipande 65,536 vya biti 4, na sauti iliyorekodiwa kwa vipande 16,000 kwa sekunde huzimaliza katika sekunde 4 hivi, muda unaotosha mlio wa ngoma, kofi moja na neno moja fupi. Kilobaiti 256 kwa kasi hiyohiyo hutoa takribani sekunde 33. Philips haikufanya hivyo kwa kutojua. Chipu za kumbukumbu zilikuwa ghali, na mwaka 1988 uhaba wake ulipandisha bei duniani kote, kwa hiyo mtengenezaji yeyote aliyeuza kifaa cha nyumbani alipima kila chipu kwa senti. Bei iliposhuka katika miaka iliyofuata, kizuizi kikawa kimeondoka lakini katriji zilikuwa zimekwisha kuuzwa.

Hapo ndipo mafundi wa ridhaa walipoingia. Upanuzi wa Music Module hadi kilobaiti 256 ukawa miongoni mwa kazi zilizozoeleka zaidi katika duru za MSX za Uholanzi: kumbukumbu ya zamani huondolewa, chipu zenye nafasi kubwa zaidi huchukua mahali pake, na njia za anwani ambazo ukubwa huo unazihitaji huunganishwa kwa waya mwembamba kutoka kwenye miguu ya Y8950 yenyewe. Jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini ni kwamba kazi hiyo haikuibadilisha chipu ya sauti hata kidogo, wala haikuipa uwezo ambao haikuumbiwa. Uwezo wote ulikuwamo tangu siku ilipotoka kiwandani, ukisubiri kumbukumbu ya kuutumia. Fundi hakubuni, alisoma. Aliuchukua waraka wa kiufundi wa Yamaha, akaulinganisha na bodi ya Philips, akaona pengo baina ya viwili hivyo, akaliziba.

Mfano wa aina hiyohiyo, ingawa ni mdogo, unapatikana katika katriji za sauti za kampuni ya Konami. Michezo ya Snatcher, wa mwaka 1988, na SD Snatcher, wa mwaka 1990, iliuzwa katika diski, kila mmoja ukiambatana na katriji yenye chipu ya sauti ya Konami na kumbukumbu ya kilobaiti 64. Mtu ambaye angezifungua zote mbili angekuta ni ndugu: tofauti iko katika nusu ipi ya kumbukumbu iliyojazwa, kwani moja hutumia nusu ya chini na nyingine hutumia nusu ya juu ya eneo la kilobaiti 128. Fundi anayeijaza nusu iliyobaki hupata katriji moja inayoiridhisha michezo yote miwili. Mtu mwenye katriji moja tu, na aliyekaa mbali na Japani, hakuhitaji sababu nyingine ya kushika chuma cha kulehemu.

Kilele cha historia hii ni kadi ya Moonsound. Ilionyeshwa katika maonyesho ya kompyuta ya Tilburg, Uholanzi, mwaka 1995, wakati ambapo kampuni zote kubwa zilikuwa zimekwisha kuipa MSX kisogo. Mbunifu wake alikuwa mhandisi Henrik Gilvad, na mtengenezaji alikuwa Sunrise, kikundi kilichofanya kazi nusu kama biashara na nusu kama ridhaa. Jina la kadi lilitokana na MoonBlaster, programu ya kutungia muziki ya kikundi cha Moonsoft ambayo watumiaji wa Music Module walikuwa wakiipenda. Moyo wa kadi ni chipu ya Yamaha YMF278B, inayojulikana zaidi kwa jina la OPL4, yenye njia 18 za FM na njia 24 za sampuli zinazopigwa kwa vipande 44,100 kwa sekunde, kasi ileile ya diski za muziki za CD, kwa usahihi wa biti 8, 12 au 16. Kutoka sauti tatu za mwaka 1983 hadi sauti 42 kwa wakati mmoja katika kompyuta ileile, yenye kichakata kilekile, ni safari ambayo mkataba wa awali uliiwezesha kwa kuuacha ule mguso mmoja wa sauti.

Kumbukumbu ya OPL4 inahitaji maelezo ya polepole, kwa sababu hapo ndipo penye utamu wa jambo hili. Chipu hutaja kila baiti ya kumbukumbu kwa anwani ya biti 22, jambo linalompa mtumiaji nafasi ya megabaiti 4 na si zaidi. Kama vile posta yenye masanduku yaliyopigwa namba hadi mwisho wa ukuta, haiwezekani kumpelekea barua mtu ambaye namba yake haimo. Katika Moonsound nusu ya chini ya eneo hilo, megabaiti 2, inakaliwa na kumbukumbu ya kusoma tu iliyotengenezwa na Yamaha, ambamo zimehifadhiwa sampuli za piano, vinanda, ngoma, filimbi na vyombo vingine vya orkestra. Nusu ya juu, megabaiti 2 nyingine, imeachiwa sampuli za mtumiaji mwenyewe, na humo kadi iliuzwa ikiwa na chipu moja tu ya kilobaiti 128. Sauti ya biti 16 kwa kasi kamili huimaliza nafasi hiyo katika sekunde moja na nusu. Sehemu moja ya kumi na sita ilijazwa na sehemu kumi na tano ziliachwa tupu, kwa sababu ileile iliyoifunga mikono ya Philips miaka kadhaa nyuma.

Toleo la kwanza la kadi lilikuwa na soketi moja ya kumbukumbu, na matoleo yaliyofuata yalikuwa na soketi mbili, hivyo kwamba mtumiaji aliyepata chipu mbili za kilobaiti 512 aliweza kufikia megabaiti 1 bila kulehemu chochote, na aliyebakiza ile ya awali na kuongeza moja kubwa alipata kilobaiti 640, ukubwa unaoonekana wa ajabu mpaka asili yake ieleweke. Chipu hizo ni za aina tuli, yaani hushikilia data muda wote umeme unapokuwapo bila kuhitaji kuhuishwa mara kwa mara kama kumbukumbu za kawaida za kompyuta, na zote mbili, ya kilobaiti 128 na ya kilobaiti 512, zina miguu 32 iliyopangwa karibu sawasawa. Neno “karibu” ni la kuzingatiwa. Tofauti iko katika miguu miwili: mguu wa 1, ambao katika chipu ndogo haukuunganishwa na chochote, katika chipu kubwa ni njia ya juu kabisa ya anwani, na mguu wa 30, ambao katika chipu ndogo ni swichi ya pili ya kuiamsha, katika chipu kubwa ni njia nyingine ya anwani. Fundi makini huipima miguu hiyo miwili kwa mita kabla ya kuchomeka chipu mpya, kwa sababu chipu kubwa iliyowekwa kwenye soketi ambayo mguu wake wa 30 umefungwa moja kwa moja kwenye volti 5 haitaungua wala kutoa dalili yoyote ya hatari. Itafanya kazi kwa utulivu kabisa, ila sehemu kubwa ya nafasi iliyonunuliwa haitaonekana kamwe.

Kutoka megabaiti 1 hadi megabaiti 2 hakuna soketi tena, na mafundi wa ridhaa walitumia mbinu ya kupandanisha, yaani kuibebesha chipu moja mgongoni mwa nyingine. Mbinu hiyo inawezekana kwa sababu chipu zote za kumbukumbu katika kadi hutumia njia zilezile za anwani na za data; kinachozitofautisha ni mguu mmoja wa kuamsha, wa 22, ambao chipu ya sauti huutumia kuchagua ni nani ajibu. OPL4 yenyewe hutoa njia kadhaa za uchaguzi, na katika mpangilio unaofaa kila njia husimamia kilobaiti 512, hivyo njia nne zinaikamilisha ile nusu ya juu yote. Fundi huukunja mguu wa 22 wa chipu ya juu ukaelekea nje, akahakikisha miguu mingine 31 imekaa sawasawa juu ya miguu ya chipu ya chini, akailehemu mmojammoja kwa kutumia lehemu kidogo, kisha akavuta waya mwembamba kutoka kwenye mguu uliokunjwa hadi kwenye njia ya uchaguzi iliyokuwa haina kazi. Kazi hurudiwa katika soketi ya pili. Hatari kubwa haiko kwenye chipu za kumbukumbu, ambazo miguu yake ni minene na yenye nafasi. Iko mwisho wa waya, kwenye OPL4, ambayo miguu yake ni membamba na imesongamana kiasi kwamba tone moja la lehemu lililozidi huunganisha miwili au mitatu kwa pamoja. Mafundi wazoefu hutumia chuma chenye ncha nyembamba, kioo cha kukuzia na dawa ya kusafishia lehemu, na hupima kila mguu dhidi ya jirani yake kabla ya kurudisha umeme.

Umeme nao una mpaka wake. Mkataba wa MSX uliahidi miliampea 300 za volti 5 kwa kila tundu, na ingawa chipu tuli zisizoitwa hutumia umeme kidogo sana, kompyuta ya zaidi ya miaka 35 yenye kapasita zilizokauka haitoi tena kile ilichotoa ikiwa mpya. Kadi nyingi zinazosemekana kuharibiwa na upanuzi hazikuharibiwa na upanuzi. Ziliwekwa katika mashine ambayo usambazaji wake wa umeme ulikuwa umechoka. Kuzibadilisha kapasita za kompyuta kabla ya kuigusa kadi ni utaratibu unaopaswa kutangulia, na kuongeza kapasita ndogo ya nanofaradi 100 karibu na kila chipu iliyopandanishwa, ili kuzuia mitikisiko ya umeme, ni gharama isiyo na uzito wowote ikilinganishwa na thamani ya OPL4 iliyo kando yake.

Megabaiti 2 zinamletea nini mwanamuziki? Jibu la haraka, kwamba sasa anaweza kurekodi wimbo mzima, si sahihi. Katika biti 16 na kasi kamili nafasi hiyo yote ni chini kidogo ya sekunde 24, na juu ya hilo OPL4 huutaja mwisho wa kila sampuli kwa namba ya biti 16, maana yake hakuna sampuli moja inayoweza kuzidi vipande 65,536, ambavyo kwa kasi kamili ni kama sekunde moja na nusu, hata kumbukumbu ikiwa kubwa namna gani. Upanuzi haurefushi sampuli. Unaongeza idadi yake. Chipu humruhusu mtumiaji kuwa na sampuli 128 za kwake mwenyewe kwa wakati mmoja, kila moja ikielezwa kwa kichwa cha baiti 12 kinachotaja mahali inapoanza, inapojirudia na inapoishia, na katika kilobaiti 128 za awali hilo lilimaanisha wastani wa kilobaiti 1 kwa kila sampuli kama zote zingetumika, ilhali katika megabaiti 2 kila sampuli ina kilobaiti 16 zake. Kwa mtunzi huo ndio mpaka kati ya kulazimika kuchagua ama ngoma nzuri ama sauti nzuri ya mwimbaji, na kuwa na vyote viwili katika utungo mmoja. Ni faida ya kweli, tena kubwa, lakini ni faida ya upana, na anayetafuta urefu atabaki na njaa.

Kumbukumbu kubwa ilileta pia deni jipya, kwa kuwa lazima ijazwe kila kompyuta inapowashwa. Diski laini ya MSX hubeba kilobaiti 720, hivyo megabaiti 2 za sampuli zinahitaji diski tatu, na kichakata cha megahezi 3.58 hulazimika kuipitisha kila baiti kwenda kwenye kadi kwa mkono wake mwenyewe. Si ajabu kwamba Sunrise iliyotengeneza Moonsound ilitengeneza pia kadi ya kuunganishia diski kuu, kwani kifaa kimoja kilikuwa kinakihitaji kingine. Upanuzi wa sauti katika kompyuta za zamani haukai peke yake. Ukiongeza kumbukumbu unagundua udogo wa hifadhi, ukiongeza hifadhi unagundua uchovu wa umeme, na fundi wa ridhaa anayeanza na chipu moja mara nyingi hujikuta ameikarabati mashine nzima.

Upande wa programu una wajibu wake, na hapo wakosaji wamekuwa wengi kuliko kwenye lehemu. Programu inayodhani kwamba kila kadi ina kilobaiti 128 huipuuza nafasi aliyoihangaikia mwenye kadi, na programu inayodhani kwamba kila kadi ina megabaiti 2 huandika sampuli mahali pasipo na chipu, kisha hutoa ukimya au mkwaruzo ambao mtumiaji ataudhania kuwa ni ubovu wa kifaa. Njia iliyo sawa ni kupima: programu huandika namba fulani katika anwani ya juu, huisoma tena, kisha hukagua kama namba hiyohiyo haikujitokeza katika anwani ya chini, kwa sababu chipu ndogo isiyoiona njia ya juu ya anwani hurudia yaliyomo yake kana kwamba ni mapya. Kipimo hicho huchukua sehemu ndogo ya sekunde, na mwandishi wa programu ambaye hakukiweka hana udhuru.

Swali la mwisho ni la uhalali. Wapo wakusanyaji wanaoamini kwamba katriji ya zamani inapaswa kubaki jinsi ilivyotoka kiwandani, na kwamba kila tone la lehemu lililoongezwa linaipunguzia heshima yake ya kihistoria. Hoja hiyo ina uzito pale kifaa kilipo adimu na kazi iliyokusudiwa haiwezi kutenguliwa. Kukata njia za bodi ya kifaa ambacho vichache tu vimebaki ni hasara hata ikiwa sauti itakayopatikana ni nzuri. Hata hivyo, haina nguvu dhidi ya upanuzi unaozungumziwa hapa, kwa kuwa chipu ya kilobaiti 512 iliyoingizwa kwenye soketi inaweza kutolewa jioni hiyohiyo, na kwa kuwa wabunifu wa Y8950 na OPL4 ndio walioiacha nafasi iliyojazwa. Tishio halisi kwa vifaa hivi liko kwingine: Yamaha haitengenezi tena chipu hizo, zile za kumbukumbu tuli zenye miguu ya kuchomeka zinazidi kuadimika, na katika soko la mabaki kuna chipu ambazo jina lake limefutwa na kuandikwa upya ili ndogo iuzwe kama kubwa. Kadi mpya zenye OPL4 zilizobuniwa na wapenzi wa Brazil na Korea Kusini zimepunguza makali ya uhaba wa kadi, lakini nazo zinategemea akiba ileile ya chipu za zamani. Programu ya kuigiza iitwayo openMSX, inayoiendesha MSX nzima ndani ya kompyuta ya kisasa, huitambua Moonsound na humruhusu mtumiaji kuchagua ukubwa wa kumbukumbu yake, kuanzia kilobaiti 128 hadi megabaiti 2, pamoja na ile 640 ya ajabu. Kazi ya mikono ya mafundi wasiolipwa imeingia humo kama sehemu halali ya kifaa.

Kwa hiyo yeyote anayekusudia kuipanua kadi ya namna hii aanze kwa kupiga picha pande zote mbili za bodi, aihifadhi chipu aliyoitoa pamoja na kadi yenyewe, na aandike katika karatasi itakayokaa ndani ya kasha ni miguu ipi iliyokunjwa na waya upi unakwenda wapi, ili mwenye kadi atakayefuata asilazimike kukisia.